Bakuli la Kauthar

Aprili 7

Mvua. Kuta za jiko zinatoka jasho tangu alfajiri, na sakafu inateleza kana kwamba imepakwa samli. Saa nne asubuhi Bi Swalha, mwenye mkahawa, kapanda ngazi na msichana mrefu aliyejitanda mtandio wa kijani. Akasema, "Najat, huyu ni Kauthar. Mtu wa Dar, kasomea upishi hapahapa Guangzhou. Atatusaidia msimu huu wa maonesho ya biashara."

Nikauliza atatusaidia nini.

"Kuchangamsha menyu," akasema.

Sikujua kwamba menyu yangu imelala.

Aprili 9

Mimi sikuokotwa njiani. Nilitoka Unguja nikiwa mwanamwali, nikapika miaka tisa Al Ain, katika nyumba ya Bi Shifa, mama yake Bi Swalha. Sote pale tulimwita Bi Mkubwa. Wazee wake walitoka Malindi ya Unguja wakahamia Imarati, wakabadili kanga kwa abaya, lakini Kiswahili hawakukiacha mlangoni. Bi Mkubwa ndiye aliyenifundisha machbusi, yule wali wao wa nyama na limau kavu. Alinifundisha harisi, ambayo sisi kwetu tunaiita bokoboko, ila yao haina utani: ngano, nyama, darasini, samli, na mkono usiochoka kuponda. Kaimati pia, za asali ya tende.

Bi Swalha alipofungua mkahawa huku, karibu na barabara ya Guangyuan Xilu, kwa ajili ya wanunuzi wa Ghuba wanaokuja kuchukua nguo, mama yake alimwambia, "Ukimchukua Najat, umenikata mkono wa kulia." Hata hivyo akanitoa. Sijawahi kuongeza wala kupunguza kitu katika alichonifundisha.

Leo Kauthar ananijia na tabasamu lake. "Anti Najat, naomba unionyeshe bizari yenu ya machbusi."

Nina umri wa kuitwa anti, najua. Lakini neno lile likitoka kinywani mwake linanizeesha.

Nikamtajia: gilgilani, bizari nyembamba, darasini, pilipili manga, manjano, pilipili kavu. Kungumanga sikuitaja. Ilikuwa ulimini kabisa, nikamwona amekishika kile kijiko changu cha mbao, anakigeuzageuza kama wa kwake, nikafunga mdomo.

"Ndiyo yote?" akauliza.

"Ndiyo yote."

Aprili 12

Jua kidogo, kisha mvua. Limau kavu zimeota ukungu mtungini, nimezitupa.

Aprili 15

Maonesho yamefunguliwa. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, Waarabu na Waswahili, mizigo miguuni, miavuli inachuruzika.

Kauthar leo katoa harisi yake. Harisi, nasema, lakini kwa macho ni ule uji wa mchele wanaokunywa Wachina asubuhi. Katia ngano nusu na mchele uliovunjika nusu, kapika ndani ya supu ya mifupa mpaka imekuwa nyeupe, laini, inatiririka. Juu kamwagia samli ya darasini, tangawizi iliyokatwa nyembamba kama uzi, majani ya vitunguu mabichi na vipande vya unga vya kukaanga. Nikasema moyoni, watamrudishia mezani.

Hawakurudisha. Walitoa simu wakapiga picha kwanza, tena wakala, tena wakaagiza nyingine. Yule mnunuzi wa Sharjah, mwenye ndevu nyekundu za hina, ambaye kila msimu huniita nje anishukuru mbele ya wenzake, leo aliita, "Nani kapika hii?" Nikajifuta mikono, nikatoka. Bi Swalha alikuwa amekwisha mshika Kauthar begani akimsukuma mbele. Nikabaki pale mlangoni na sinia la mikate, nikajifanya nimetoka kwa ajili ya mikate.

Sikuionja. Chungu kilibaki na kidogo chini, nikakiosha.

Aprili 18

Kaimati zake zina ufuta mweusi uliosagwa ndani na sukari. Ukiuma, unamwagika kama wino. Wateja wanacheka, wanafutana midomo. Sahani yangu ya kaimati za asali ilirudi na nne hazijaguswa. Nimekula zote nne nimesimama, kwa hasira.

Aprili 19

Yasir karudi nyumbani kutoka soko la Zhanxi, amelowa. Mume wangu husafirisha viatu na nguo za wafanyabiashara wa Kariakoo, na mchana hupita mkahawani kula. Anavua soksi, ananiambia, "Yule binti wenu kafunga machbusi ndani ya jani la yungiyungi, akaipika kwa mvuke. Ukifungua jani, harufu yake! Najat, siku moja ujaribu na wewe."

Miaka kumi na mbili anakula changu. Hajawahi kusema "harufu yake".

Nikamwambia chai imekwisha. Ilikuwapo.

Aprili 23

Alhamdulillahi! Bi Mkubwa anakuja!

Alipatwa na kiharusi wakati wa baridi, hilo nalijua, nililia nalo. Sasa Bi Swalha amempatia nafasi ya tiba ya sindano za Kichina hapa, na atakaa ghorofani juu ya mkahawa wiki nyingi. Nimefurahi kwa ajili yake, na nitasema ukweli kwa kuwa hapa hanisikii mtu: nimefurahi pia kwa ajili yangu. Bi Mkubwa alikuwa akimrudishia mpishi sinia zima kwa chumvi tu. Mara moja alimuuliza mkwewe aliyetia nyanya kwenye harisi, "Ngano imekukosea nini?" Aje aone majani ya vitunguu. Aje aone kaimati zinazotoa wino. Atasema neno moja tu, na Bi Swalha havuki neno la mama yake.

Aprili 26

Nimenunua ngano mpya kwenye duka la Wahui, wale Waislamu wa Kichina. Nimechambua punje kwa punje.

Aprili 29

Mvua kubwa. Kauthar kaniuliza Bi Mkubwa anapenda nini. Nikamwambia, "Anapenda vitu vyake."

Mei 2

Kaja.

Nilikwisha kuwa jikoni kabla ya adhana ya simu. Ngano nilikuwa nimeiroweka tangu jana, nikaipika na kondoo, nikaiponda kwa mwiko mpaka mabega yakawaka moto, ikavutika kama inavyotakiwa. Samli juu, darasini kidogo. Nikaifunika kwa kitambaa kile alichonishonea mwenyewe.

Wakampandisha kwenye kiti cha magurudumu. Nilidhani nimejitayarisha. Mdomo umevutwa upande, jicho moja linatoa machozi lenyewe, mkono wa kushoto umelala pajani kama mzigo wa mtu mwingine. Lakini sauti ilikuwa ileile, ingawa inakokota. "Najat, mwanangu." Nikambusu mikono, nikalia, na yeye akalia, Bi Swalha akalia. Kauthar alisimama nyuma kimya. Adabu anayo, sitasema hana.

Nikamlisha kijiko cha kwanza. Akakizungusha mdomoni muda mrefu. Akameza kwa taabu, akakohoa mpaka uso ukawa mwekundu. Nikamtengenezea kijiko kidogo zaidi. Akageuza uso.

"Inanibana, mwanangu. Tena sisikii kitu. Kama nakula pamba."

"Ni harisi yako, Bi Mkubwa. Vilevile ulivyonifundisha."

"Najua," akasema. "Mdomo ndio si wangu."

Bi Swalha akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mlango. Tena akasema, "Kauthar, kile cha kwako kipo?"

Kipo. Kikaletwa kwenye bakuli la bluu. Kauthar aliondoa vile vipande vya kukaanga, akakamua tangawizi maji badala ya nyuzi, akapuliza. Nilikaa pale pale, kitako, naangalia. Kijiko cha kwanza, Bi Mkubwa akafumba macho. Cha pili, akafungua mdomo mwenyewe kabla hakijafika. Alimaliza bakuli. Ndevu za uji zikamjaa kidevuni, na Kauthar akamfuta kwa ncha ya mtandio wake.

"Nani wewe?"

"Kauthar, Bi Mkubwa."

"Tangawizi naisikia," akasema. "Naisikia! Mwanangu Kauthar."

Neno "mwanangu" alinipa mimi mwaka wa tatu wa kazi. Huyu kapewa kwa bakuli moja.

Mei 3

Amemaliza bakuli. La bluu.

Mei 4

Amemaliza.

Mei 5

Maonesho yamekwisha leo, wanunuzi wanafunga mizigo. Amemaliza, akaomba la pili. Bi Swalha anasema mashavu ya mama yamerudi. Namshukuru Mungu. Namshukuru kweli. Halafu nashuka jikoni naona lile bakuli kwenye beseni, na moyo unanifanya kama mtu aliyemeza kaa la moto.

Mei 8

Nilipanda na chai. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kauthar alikuwa amekaa miguuni kwa Bi Mkubwa, anamsugua nyayo, naye anamsimulia ile hadithi ya mbuzi aliyeingia sebuleni siku ya harusi ya Bi Swalha. Ile hadithi ni yangu. Maana yake, mimi nilikuwapo. Mimi ndiye niliyemtoa yule mbuzi! Na katika kusimulia kwake leo, mbuzi katolewa na "mtu mmoja wa jikoni".

Nikaiweka chai chini pale nje, nikashuka.

Mei 11



Leo asubuhi Kauthar alikuwa anasugua mchele kwa mafuta, huku anaimba polepole. Nikamwambia anipishe jikoni. Akasema, "Dakika kidogo, Anti, Bi Mkubwa hajala."

"Bi Mkubwa alikuwa anakula kabla hujazaliwa."

Akacheka, akidhani natania. Kicheko ndicho kilichoniwasha.

"Unacheka nini? Umeingia hapa na majani yako na uji wa watu, umechukua meza, umechukua jina, sasa umemchukua na mgonjwa. Huna mama wewe? Huna kwenu? Kila kilicho changu lazima ukitie kijiko?"

Wale vijana wawili Wachina wanaoosha vyombo wakafunga bomba. Hawakuelewa maneno, lakini sauti inaeleweka kwa lugha zote.

Kauthar akafunika mchele. Hakupandisha sauti. "Mama yangu alikufa nikiwa kidato cha pili," akasema. "Nilidhani unajua. Bi Swalha alisema kakwambia."

Alikuwa ameniambia. Nilisahau, au nilitaka kusahau. Ningeweza kukomea pale. Sikukomea. Nikamwambia, "Basi usitafute mwingine humu."

Akavua aproni. Akapika ule uji mpaka ukaiva, akaupeleka juu, akarudi akaosha sufuria. Hakuniangalia tena mchana kutwa.

Mei 13

Kauthar anaondoka. Kuna mkahawa wa Waarabu kule mji wa Yiwu ulikuwa unamwita tangu maonesho, na sasa kakubali. Bi Swalha kanung'unika, kambembeleza, kamwahidi hili na lile. Nilisubiri kusikia jina langu. Kauthar hakulitaja. Kamwambia tu kwamba Yiwu watampa jiko lake mwenyewe.

Angenisema, ningekuwa na la kujibu.

Aliponiaga alinipa mkono. "Haya, Anti. Tuombeane."

Mei 14

Jiko ni langu. Nimesugua kila kitu, nimerudisha kijiko cha mbao mahali pake. Machbusi imekwenda mezani kwenye sinia kama inavyostahiki, hakuna jani. Nimeimba.

Mei 15

Bi Mkubwa kala vijiko viwili vya supu. Anauliza Kauthar yuko wapi.

Mei 16

Kijiko kimoja. Nikamtilia tangawizi kwenye harisi yangu, nikaifanya nyepesi kwa maji. Akaitema, akaniomba radhi. Bi Mkubwa kuniomba mimi radhi! Heri angenipiga.

Mei 18

Maji ya tende tu. Mvua haijakatika tangu juzi, simu zinalia kila saa kuonya mafuriko. Yasir kasema mikokoteni huko Zhanxi inasukumwa ndani ya maji hadi magotini. Sikumsikiliza.

Mei 20

Daktari kamwambia Bi Swalha kwamba mama amepungua sana, sindano haziwezi kufanya kazi kwenye mwili mtupu. Kama hali haijabadilika wiki hii watamtia mpira wa puani umlishe. Bi Swalha alikaa kwenye ngazi na simu mkononi. Amempigia Kauthar, kajibiwa treni za huko zimesimamishwa kwa mafuriko, na hata zikiondoka, kule kazi ndiyo kwanza kaanza, hawamruhusu.

"Najat," akaniambia, "wewe ulimwona anavyopika. Kila siku alikuwa mbele ya macho yako."

Nilikuwa nimemwangalia kila siku, kweli. Nilimwangalia uso, mtandio, vidole, nani anamtazama, nani anamsifu. Chunguni mwake sikutazama hata siku moja.

Mei 21

Nilizunguka na simu tangu alfajiri. Nilitia maji mtungi uliojaa. Nilihesabu vitunguu ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa. Mwisho nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikapiga.

"Anti?" Sauti yake iliogopa. "Bi Mkubwa yupo?"

"Yupo. Lakini hali kitu."

Nyuma yake nilisikia masufuria na mtu anapayuka Kichina.

"Kauthar, nifundishe."

Nilikuwa nimejitayarisha anicheke, au anikatie simu, au anitajie kila kitu apunguze kimoja. Mimi ndivyo ningefanya. Mimi ndivyo nilivyofanya.

Akasema, "Una kalamu?"

Akanipa yote. Mchele uliovunjika uoshwe, usuguliwe kwa mafuta na chumvi, ulale hivyo kabla haujaona maji, ndiyo maana unapasuka na kuwa laini. Ngano ipikwe mbali, isagwe, ichujwe kwa kitambaa, isibaki hata ganda moja, kwa sababu ganda ndilo linalomkwama Bi Mkubwa. Supu iwe inachemka unapotia, isiwe baridi. Usiponde. Hapo akarudia: "Usiponde, Anti. Najua mkono wako utataka kuponda. Koroga upande mmoja tu, uache uvunjike wenyewe." Tangawizi mbichi ya ganda jembamba, ikamuliwe maji, itiwe moto umekwisha zimwa.

"Na bizari?" nikauliza.

"Ile ya machbusi uliyonipa ilikuwa na upungufu. Sikujua wa nini. Nilijaribu vitu vingi kuziba pale mahali, hata kwenye uji, ndipo nikafika kwenye tangawizi."

Nilisikia masikio yakiwaka. "Kungumanga," nikasema.

"Aah." Alisema tu "aah", kama mtu aliyeonyeshwa njia baada ya kwisha kufika. Tena, "Usiitie kwenye uji sasa. Bi Mkubwa keshazoea hivi."

Nikamuuliza kama atarudi msimu ujao. Akasema, "Jiko lile dogo, Anti," na hakulisema kwa ubaya. Nikamwambia Mungu amrehemu mama yake. Akaitikia amina, na mtu akamwita, akakata.

Mei 22

Nimekosea. Nimeponda. Mkono ulikwenda wenyewe. Umetoka mzito kama saruji, Bi Mkubwa hakuufungulia hata mdomo. Nimeumwaga wote.

Na bado, nikiwa naumwaga, nikajikuta nasema: watu wa Yiwu leo wanakula cha kwake, wanamsifu. Hata hapa, hata leo. Sijui wivu huu umetengenezwa na nini. Hauchoki, hauoni haya mbele ya mgonjwa.

Mei 23

Mvua imepungua. Nilianza tena asubuhi.

Mchele nikausugua kwa mafuta, nikauacha. Ngano nikaichuja mara mbili. Supu ilipochemka nikatia, nikashika mwiko kwa mkono wa kushoto, kusudi nisiwe na nguvu ya kuponda. Nikakoroga upande mmoja. Nilisimama pale mpaka kiuno kikafa ganzi, na polepole nikaona punje zinafunguka, moja hapa, moja pale, tena zote, mpaka chungu kikawa cheupe kimoja kinachotiririka. Nikatia maji ya tangawizi.

Kisha nikaonja. Msimu mzima sikuwa nimeonja, hata kwa ncha ya ulimi. Ngano ilikuwapo, samli ilikuwapo, darasini ilikuwapo, harisi yote ya Al Ain ilikuwamo ndani, ila imelegezwa mwili, halafu tangawizi ikaja nyuma taratibu ikanishika kooni. Ni tamu. Nimeandika. Ni tamu sana.

Nikapanda na bakuli la bluu. Bi Mkubwa alikuwa ameegeshwa kwenye mito, mdogo, macho yamefumba. Bi Swalha alisimama dirishani. Nikapuliza kijiko, nikakigusisha mdomoni kwake kwenye ule upande mzima.

Midomo ikafunguka kidogo. Akazungusha ulimi. Akameza.

Nikasubiri kikohozi. Hakikuja.

"Mh," akasema, bado hajafumbua macho. "Mkono wa Kauthar huu."

Jibu lilinijaa mdomoni. Nilitaka kusema ni mimi, Najat, niliyeamka, niliyechuja, niliyesimama, Najat wa Al Ain, niliyemtoa yule mbuzi. Bi Swalha alinigeukia, na yeye anasubiri nitasema nini.

"Ndiyo, Bi Mkubwa," nikasema. "Wa Kauthar."

Akafungua mdomo.